Kuchagua Programu za Madokezo kwa Kishikwambi Kipya: Mwongozo kwa Mkusanyaji wa Habari za Njia ya Misafara, Tabora

Mwongozo huu umeandikwa kwa mtu aliyeko Tabora, awe mwalimu, mwanachuo au mpenzi wa historia, mwenye kishikwambi kipya na nia ya kukusanya habari za njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji. Ukiufuata kwa mpangilio wake utabaki na programu tatu tu, kila moja na kazi yake, na utakuwa umeona kwa macho yako kwamba ulichoandika kinaweza kutoka kishikwambini kikiwa kizima. Usiruke hatua. Hatua ya 8 inatumia madokezo uliyoyaandika katika hatua ya 6, na hatua ya 12 haifanyiki kabla ya ya 11.

Watu wengi huchagua programu kwa kuangalia jinsi ilivyo rahisi kuandikia. Hapa tunaanza na upande wa pili: maandishi yatatokaje humo? Sababu iko karibu na mji. Katika tembe la Kwihara, nje kidogo ya Tabora, mmisionari na msafiri David Livingstone alikaa miezi kadhaa ya mwaka 1872. Mwaka mmoja kabla, akiwa Nyangwe katika nchi ya Manyema, karatasi zilikuwa zimemwishia. Akaandika shajara yake juu ya kurasa za gazeti la The Standard la London, toleo la 24 Novemba 1869, akikatiza mistari iliyochapwa, kwa wino uliotokana na mbegu za mmea wa huko. Wino ukafifia. Sehemu kubwa ya kurasa hizo haikusomeka mpaka timu iliyoongozwa na mtafiti Adrian Wisnicki ilipozipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali na kuzitoa hadharani mwaka 2011.

Kuna la pili. Livingstone aliyahamishia maelezo yake katika daftari kubwa, akalifunga kwa lakiri, akamkabidhi mwandishi wa habari Henry Stanley walipoagana Machi 1872. Daftari lilifika Uingereza salama. Lakini watafiti walipolilinganisha na kurasa za gazeti, hasa habari za mauaji ya sokoni Nyangwe ya 15 Julai 1871, waliona kwamba mambo kadhaa yamebadilishwa wakati wa kunakili. Kwa hiyo mwongozo wote unasimama juu ya masharti mawili: dokezo lisomeke bila kutegemea programu iliyoliandika, na dokezo la kwanza lisiguswe tena baada ya siku lilipoandikwa.

MANENO YANAYOTUMIKA

Dokezo ni kumbukumbu moja yenye kichwa chake, iwe fupi au ndefu. Dokezo ghafi ni lile lililoandikwa palepale, kabla ya kusahihishwa. Kuhamisha ni kuyatoa madokezo yote kutoka ndani ya programu yakawa mafaili unayoyaona. Usawazishaji ni programu kupeleka na kuleta madokezo kwa njia ya intaneti. Nakala ni faili lilelile likiwa kwenye kifaa kingine. Faili lililorudiwa ndani ya kishikwambi kilekile halihesabiwi kuwa nakala. Maandishi wazi ni faili linalofunguka kwa programu yoyote ya kusomea maandishi. Aina iitwayo Markdown ni maandishi wazi yenye alama chache, kwa mfano # mwanzoni mwa mstari wa kichwa.

VIFAA

Kishikwambi na chaja yake. Flashi mbili za GB 32 zilizopangwa kwa mfumo wa FAT32. Adapta ya OTG inayoingia kwenye tundu la kishikwambi chako. Pawabenki ya mAh 10,000 au zaidi. Daftari la karatasi na kalamu. Na kompyuta yoyote utakayoruhusiwa kuitumia kwa dakika 20. Tafuta Wi-Fi ya kupakulia programu na ramani. Bando la simu lisitumike kwa kazi hiyo.

HATUA YA 1. Andika kazi zako kwenye karatasi.

Tumia daftari, si kishikwambi. Andika kila kazi kwa kitenzi kimoja: kurekodi, kuandika, kupiga picha, kuonyesha mahali, kupanga miadi. Kisha futa kazi ambayo hutaifanya ndani ya siku 30 zijazo. Kazi iliyofutwa haitafutiwa programu.

Kupanga miadi kusikusumbue. Kalenda iliyokuja na kishikwambi inatosha, na orodha ya mambo ya kufanya itakaa ndani ya dokezo la kawaida. Nimeona watu wakisakinisha programu nne za kupangia kazi kabla ya kupata kazi ya kupanga.

HATUA YA 2. Kagua kishikwambi na mmiliki wake.

(a) Thibitisha kishikwambi ni cha nani. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya 23 Agosti 2022 viligawiwa walimu baada ya kazi hiyo kwisha. Ikiwa chako ni kimojawapo, muombe mkuu wa shule ruhusa ya maandishi kabla ya kusakinisha chochote, na usihifadhi humo mahojiano yenye majina ya watu. Ikiwa ni mali yako, endelea.

(b) Fungua Mipangilio, kisha sehemu ya kuhusu kifaa. Andika toleo la Android. Kama ni chini ya 10, tumia kishikwambi hicho kwa kusomea tu na usirekodie mahojiano. Vifaa vilivyotoka kiwandani na Android 10 au zaidi husimba kilichomo ndani, yaani hukificha kisisomeke bila nenosiri, na utahitaji ulinzi huo katika hatua ya 11.

(c) Fungua sehemu ya hifadhi. Andika nafasi iliyobaki, si nafasi iliyotajwa kwenye kasha. Kishikwambi cha GB 64 hakikupi GB 64, kwa sababu mfumo wenyewe umeshakula sehemu.

(d) Thibitisha kama kina GPS. Vishikwambi vingi visivyo na laini ya simu havina, na hata iPad za Wi-Fi pekee hazina. Toka nje penye uwazi, fungua programu ya ramani iliyomo, subiri dakika 3. Mjini Tabora usomaji sahihi unakaribia -5.0 kwa latitudo na 32.8 kwa longitudo. Alama ya kutoa ni sehemu ya namba. Ukiisahau, Tabora itaangukia Sudan Kusini. Kama hakuna usomaji, andika "GPS: hakuna" kwenye daftari, na katika hatua ya 12 utataja mahali kwa maneno.

HATUA YA 3. Kokotoa nafasi ya sauti.

Hapa ndipo mipango mingi huvunjikia, na hesabu yenyewe ni fupi. Sauti isiyobanwa ya aina ya WAV, kwa Hz 44,100, biti 16 na chaneli moja, hutumia baiti 88,200 kwa sekunde. Kwa saa moja ni MB 318. Sauti iliyobanwa ya aina ya AAC kwa kilobiti 128 kwa sekunde hutumia MB 58 kwa saa.

Zidisha saa za mahojiano unayotarajia kwa 318. Kwa saa 20 utapata MB 6,360, yaani kama GB 6.4. Ongeza MB 4 kwa kila picha. Zidisha jumla kwa 2, ili nusu ibaki wazi kwa ajili ya mfumo na mambo usiyoyatarajia. Linganisha na namba ya hatua ya 2(c).

Ikiwa nafasi inatosha, rekodi kwa WAV. Ikiwa haitoshi, rekodi kwa AAC na uandike hivyo kwenye daftari. Usichanganye aina mbili katika mahojiano ya mtu mmoja.

Hesabu hii inakueleza pia kwa nini sauti haisawazishwi kwa bando. GB 6.4 za kupandisha kwa mtandao wa simu ni fedha nyingi, na huko vijijini mtandao hukatika katikati ya faili.

HATUA YA 4. Chuja programu za madokezo kwa maswali manne.

(a) Je, unaweza kufungua programu na kuandika dokezo jipya bila intaneti?
(b) Je, unaweza kuhamisha madokezo yote kwa mkupuo kutoka kishikwambini chenyewe?
(c) Je, kinachotoka kinaweza kugeuzwa kuwa maandishi wazi bila malipo?
(d) Je, matumizi ya bure yanaruhusu madokezo 500?

"Hapana" moja inaiondoa programu. Usiihurumie kwa sababu ina rangi nzuri.

Google Keep inafanya kazi bila intaneti na ni nyepesi kuliko zote, lakini kuyatoa madokezo yote hupitia huduma ya Google Takeout, ambayo inataka mtandao. Tena urefu wa dokezo moja una kikomo. Inaanguka (b). Iache kwa orodha ya sokoni.

Microsoft OneNote ni nzuri sana kwa mwandiko wa kalamu na michoro, na anayechora ramani ya tembe kwa mkono ataipenda. Madaftari yake hukaa OneDrive, yenye GB 5 za bure, na kulitoa daftari zima ni kazi ya kompyuta. Inaanguka (b).

Evernote inaanguka (d). Tangu Desemba 2023, asiyelipa anaruhusiwa madokezo 50 na daftari moja. Kabla ya hapo kikomo kilikuwa kikubwa mno kuliko hicho, na waliokuwa wamezidisha 50 hawakuweza kuongeza jipya bila kulipa. Masharti ya programu hubadilika ukiwa tayari umo ndani. Ndiyo sababu swali la (b) lina uzito kuliko yote.

Joplin inapita. Huhamisha kila kitu katika furushi moja la aina ya JEX, na kompyuta yenye Joplin hulifungua furushi hilo na kulitoa kama Markdown. Ina usimbaji wa kutoka mwanzo hadi mwisho unaposawazisha.

Obsidian inapita kwa njia fupi zaidi, kwa sababu haina cha kuhamisha: kila dokezo ni faili la Markdown ndani ya folda unayoiona kwa programu ya mafaili.

Endelea na hizi mbili. Kama uko katika timu ya watu zaidi ya watatu wanaouliza maswali yaleyale kwa watu wengi, unachohitaji ni fomu badala ya madokezo. Angalia KoboCollect, inayojazwa bila mtandao na kutumwa baadaye.

HATUA YA 5. Sakinisha Obsidian na Joplin, na nyingine yoyote isiwepo.

Zima kwanza usasishaji wa programu kwa bando katika mipangilio ya duka la Google Play. Pakua kwa Wi-Fi. Fungua Obsidian na uunde folda kuu, iite MISAFARA. Ikikuuliza pa kuiweka, chagua hifadhi ya kifaa, ndani ya folda ya Documents. Usichague hifadhi ya ndani ya programu, kwa kuwa kilichomo humo hufutika programu inapoondolewa. Fungua Joplin na uunde daftari lenye jina hilohilo. Usiwashe usawazishaji katika programu yoyote kwa sasa.

Ukaguzi: fungua programu ya mafaili, ingia Documents, uione folda MISAFARA. Usipoiona, ondoa Obsidian na urudie hatua hii.

HATUA YA 6. Jaribu bila mtandao.

Washa hali ya ndegeni. Zima kishikwambi kabisa, kisha kiwashe. Katika kila programu andika madokezo matatu: la kwanza la maandishi yasiyopungua maneno 200, likiwa na neno "hongo" mara moja tu, la pili lenye picha moja, la tatu lenye orodha ya mambo matano ya kuwekea vema. Zima kishikwambi tena, subiri dakika 10, washa. Tafuta neno "hongo".

Ukaguzi: dokezo la kwanza linatokea, picha inafunguka, vema zimebaki. Programu isiyotimiza yote matatu iondoe sasa.

HATUA YA 7. Jaribu herufi.

Hatua hii hairukwi Tabora, ingawa miongozo ya kawaida haiitaji kabisa.

(a) Andika jina lenye ng', kwa mfano Ng'wana, mara mbili: mara moja kwa alama iliyonyooka (') na mara moja kwa alama iliyopinda (’). Tafuta kwa alama iliyonyooka. Utaona kama programu inapata yote mawili au moja tu. Vyovyote iwavyo, chagua iliyonyooka, iandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari kama kanuni, na zima usahihishaji wa alama katika kibodi. Majina ya Kinyamwezi na Kisukuma yana ng' kwa wingi. Ukichanganya alama, baada ya miezi sita nusu ya watu wako hawatapatikana.

(b) Kinyamwezi kina irabu saba. Ukitaka kuzitofautisha utahitaji herufi kama ɨ na ʉ. Zinakili kutoka popote, zibandike kwenye dokezo, uone kama zinaonekana au zimegeuka visanduku vitupu. Kama hutaandika Kinyamwezi, ruka (b).

(c) Familia zenye barua za zamani huenda zikakuonyesha Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu. Ongeza kibodi ya Kiajemi, kwa kuwa ile ya kawaida ya Kiarabu huzificha پ na چ au hainazo kabisa. Andika mstari mmoja, kisha chini yake mstari wa hati za Kirumi. Ukaguzi: mstari wa kwanza unaanzia kulia, wa pili kushoto, na alama ya nukta haijaruka upande. Ikiruka, usiandike hati hizo ndani ya programu. Piga picha ya barua na uandike unukuzi wake kwa hati za Kirumi.

Kibodi ya Gboard inakubali pia kutamkiwa Kiswahili. Ijaribu kwa dakika 2 ukitaka. Mimi siitumii kwa mazungumzo ya wazee, kwa kuwa Kiswahili chao kimechanganyika na Kinyamwezi na Kimanyema, na kazi ya kusahihisha huzidi kazi ya kuandika.

HATUA YA 8. Hamisha madokezo, kisha ondoa programu makusudi.

(a) Katika Joplin, fungua mipangilio, sehemu ya kuingiza na kuhamisha, na uhamishe yote kwa JEX. Hifadhi faili ndani ya Documents.
(b) Chomeka flashi ya kwanza kwa adapta ya OTG. Nakili folda MISAFARA yote na faili la JEX.
(c) Toa flashi kwa kuiondoa kwanza katika orodha ya hifadhi, ndipo uichomoe.
(d) Ondoa programu zote mbili kishikwambini.
(e) Fungua Documents. Folda MISAFARA na faili la JEX lazima viwepo.
(f) Chomeka flashi kwenye kompyuta. Fungua dokezo moja la MISAFARA kwa Notepad. Kwa faili la JEX, kompyuta iwe na Joplin. Kama haina, muombe mwenye kompyuta kwanza kabla ya kuisakinisha.

Andika kwenye daftari dakika ulizotumia kwa kila programu kutoka (a) hadi (f).

Sasa chagua. Ukifanya kazi peke yako na nakala zako ni za flashi, baki na Obsidian. Mkiwa wawili au zaidi na mna mtandao wa uhakika mara moja kwa wiki, baki na Joplin na uwashe usawazishaji pamoja na usimbaji. Sakinisha tena hiyo moja tu. Hatua zinazofuata zinataja Obsidian. Wa Joplin asome "daftari" mahali penye "folda".

HATUA YA 9. Sakinisha programu ya sauti na ya ramani.

Kwa sauti, fungua kwanza kirekodi kilichokuja na kishikwambi. Kama kinatoa WAV, au AAC ikiwa ndivyo ulivyoamua katika hatua ya 3, usitafute kingine. Rekodi dakika 1 ukiwa umekiweka kishikwambi mezani, umbali wa sentimita 60 kutoka mdomoni. Kisha rekodi dakika nyingine moja huku skrini imezimika. Ukaguzi: faili la pili lina dakika 1 kamili. Vifaa vingine hukata rekodi skrini inapozimika ili kuokoa chaji. Kama chako ni hivyo, kitoe kirekodi katika orodha ya programu zinazobanwa matumizi ya betri, ujaribu upya.

Kwa ramani, sakinisha Organic Maps na upakue ramani za Tanzania kwa Wi-Fi. Washa hali ya ndegeni, tafuta "Ujiji". Ikitokea, basi. Kama kishikwambi hakina GPS, ramani bado itakusaidia kusoma umbali na majina.

HATUA YA 10. Unda folda na uweke kanuni ya majina.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ya misafara katika orodha yake ya awali ya UNESCO, ikitaja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Tumia vituo hivyo kama folda, kwa vifupisho BGM, MMB, MPW, KLT, KWH na UJJ. Ongeza ya saba, TBR, kwa mji wa Tabora wenyewe: kituo cha reli, boma la Wajerumani, mitaa. Ndani ya kila folda weka folda mbili, GHAFI na SAFI.

Jina la faili lina sehemu tatu: tarehe, kituo, namba. Mfano: 2026-07-14_KWH_003. Mwaka hutangulia, ili mafaili yajipange yenyewe kwa mfuatano wa siku. Faili la sauti, picha na dokezo la mazungumzo yaleyale vipewe jina moja. Kinachotofautiana ni mkia wa aina ya faili.

Saa ziandike kwa tarakimu nne za mfumo wa saa 24. Mzee akisema "saa tatu", muulize ni asubuhi au usiku, kisha andika 0900 au 2100. Maneno yake yabaki yalivyo ndani ya sauti.

Majina ya zamani yanahitaji ukurasa wao. Wasafiri wa karne ya 19 waliandika Kazeh na Unyanyembe kwa sehemu ambazo leo tunaziita Tabora na jirani zake. Unda dokezo moja liitwalo MAJINA, na kwa kila mahali uandike jina la leo kwanza, halafu la zamani, halafu nani amelitaja. Katika madokezo mengine tumia jina la leo pekee.

Kwa lebo, anza na saba: #wapagazi, #pembe, #watumwa, #hongo (ushuru wa njiani), #kirangozi (kiongozi wa msafara), #watemi, #miembe. Ya nane isiongezwe kabla madokezo matatu hayajaihitaji.

HATUA YA 11. Weka ulinzi na utaratibu wa ridhaa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inahusu pia sauti na majina unayoyakusanya, na inaweka masharti kwa taarifa zinazopelekwa nje ya nchi. Usawazishaji kwa kampuni za nje unaweza kuwa ni kupeleka nje. Kama ni utafiti rasmi, uwe na kibali kabla ya hatua ya 12.

Kuna uzito ambao sheria haiutaji kwa jina. Tabora na Ujiji kuna koo za Wamanyema na nyingine zilizofika kwa misafara, baadhi kama wafanyabiashara, baadhi kama wapagazi, na baadhi wakiwa wamefungwa kamba. Nani alikuwa nani ni jambo linaloweza kugusa ndoa, urithi na heshima ya nyumba mpaka leo. Kwa hiyo:

(a) Weka nenosiri la skrini la tarakimu sita au zaidi.
(b) Mpe kila msimulizi namba, M01, M02 na kuendelea. Ndani ya kishikwambi tumia namba tu.
(c) Orodha ya majina na namba iandike kwenye daftari la karatasi, likae nyumbani ndani ya sanduku lenye kufuli. Flashi hazisimbwi; anayeziokota anazisoma.
(d) Kila rekodi ianze kwa maneno haya, kabla ya swali lolote: "Shikamoo mzee. Leo ni tarehe fulani, tuko Kwihara. Naomba ridhaa yako nirekodi mazungumzo yetu kwa ajili ya historia ya njia ya misafara. Ukitaka nizime wakati wowote, niambie nitazima." Subiri ajibu kwa sauti. Kutikisa kichwa hakusikiki kwenye rekodi. Mama au bibi muite hivyo badala ya mzee.
(e) Akikuambia uzime, zima mbele yake na umwonyeshe skrini.

HATUA YA 12. Fanya jaribio la uwanjani Kwihara.

Chagua siku ya kazi. Chaji kishikwambi na pawabenki hadi 100%. Washa hali ya ndegeni kabla ya kuondoka nyumbani. Kama GPS inagoma katika hali hiyo, zima hali ya ndegeni unaposoma mahali tu.

Katika tembe lenyewe, jitambulishe kwa mhudumu, lipa kiingilio, omba ruhusa ya kupiga picha. Kisha, kwa mpangilio huu: andika dokezo la mahali, lenye latitudo na longitudo, au kama hakuna GPS, lenye maelezo ya njia kutoka barabara kuu, piga picha ya mlango kutoka nje, kisha ya ua wa ndani, rekodi dakika 10 za maelezo ya mhudumu, ukianza na 11(d), andika dokezo ghafi la mazungumzo hayo papo hapo, kabla ya kuondoka, hata kama ni mistari mitano. Kivuli cha mwembe kinatosha kwa kazi hiyo.

Angalia chaji. Kama imeshuka zaidi ya asilimia 30 kwa saa mbili, punguza mwanga wa skrini hadi nusu na urudie jaribio siku nyingine. Kama imeshuka chini ya hapo, kishikwambi kiko tayari kwa siku nzima pamoja na pawabenki.

HATUA YA 13. Nakili kila jioni.

(a) Chomeka flashi ya kwanza. Nakili folda MISAFARA yote, pamoja na mafaili ya sauti na picha ya siku hiyo.
(b) Linganisha idadi ya mafaili na jumla ya ukubwa wa kila upande. Zikitofautiana, futa ulichonakili na uanze (a) upya.
(c) Fungua faili moja la sauti kutoka kwenye flashi, sikiliza sekunde 10 za mwisho. Faili lililokatika huanza vizuri na kuharibika mwishoni.
(d) Nakili dokezo la siku kutoka GHAFI kwenda SAFI. Masahihisho yote, hata ya herufi moja, yafanyike SAFI.
(e) Kila Jumamosi rudia (a) hadi (c) kwa flashi ya pili, kisha uipeleke nyumba nyingine. Flashi mbili katika begi moja huibwa pamoja.

Kila mwisho wa mwezi, chagua dokezo moja la zamani bila kupanga, lifungue kutoka flashi ya pili kwa kompyuta isiyo yako, pamoja na sauti yake. Vikifunguka vyote, unaweza kufuta kishikwambini sauti za mwezi huo zilizoko kwenye flashi zote mbili. Kimojawapo kikikataa, usifute kitu. Rudi (a) ukitumia flashi mpya.